Furushi la Wifi

Naanza na kosa langu, ili mtu asije akasema nimelificha. Siku ile nilifunga vyombo vya wifi yangu kwa vitambaa vinne badala ya viwili. Viwili ndiyo kawaida yetu. Vile viwili vya ziada vilikuwa kiburi.

Kazi yangu ni kuandaa vyombo vya upasuaji. Mikasi, visu, koleo za kubania mishipa na vile vyuma vya kupanulia tumbo vikitoka kwa daktari vinakuja kwangu vikiwa na damu. Navisugua kwa brashi mpaka kwenye maungio, navisuuza, navikausha, navipanga kwenye sinia, nafunga sinia kwa vitambaa, nabandika utepe, kisha furushi linaingia kwenye mashine ya mvuke. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kwa wakwe zangu inaitwa kuosha vyombo hospitali. Aliyeibatiza hivyo ni wifi, dada wa mume wangu, mbele ya ukumbi mzima kwenye arusi ya mpwa wao. Mgeni mmoja alimuuliza, "Huyu wifi yako anafanya kazi gani?" Akajibu bila hata kumeza mate, "Anaosha vyombo hospitali." Yule mgeni, mtu wa watu, akanigeukia akaniuliza kwa upole kama wagonjwa huwa wanamaliza chakula chao.

Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, nikarudi nyumbani nikavua viatu na kuvirusha ukutani. Tangu siku hiyo, miaka mitatu, mimi na wifi tulikuwa watu wa salamu tu, na salamu zenyewe zilikuwa zinapitia kwa mume wangu.

Chumba changu cha kazi si kikubwa. Kina mabeseni matatu, meza ya kufungia, mashine ukutani na rafu mbili. Rafu ya kushoto imeandikwa "CLEAN" kwa rangi nyeupe, ya kulia imeandikwa "STERILE", na katikati yake sakafuni kuna mstari mwekundu ambao hauvukwi bila kunawa na kubadili viatu. Aliyeandika ni sista mmoja mfupi aliyenifundisha kazi, sasa amestaafu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini maneno hayo mawili nayajua kuliko baadhi ya waliosomea. Siku yangu ya kwanza nilimwambia, "Sista, si yote mawili ni safi? Kwa nini tusitumie rafu moja tukapata nafasi?" Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akasema kuna mtu amezikwa kwa sababu ya swali kama hilo, na nisiliulize tena mpaka nitakapoweza kulijibu mwenyewe.

Nilijifunza kulijibu kwa mikono. Furushi likitoka kwenye mashine tunaangalia utepe wake, ambao una mistari iliyopauka inayogeuka myeusi kwa joto. Ikigeuka tunasema utepe umeiva. Utepe ulioiva unakuambia furushi limepita kwenye moto, basi. Hauapi zaidi ya hapo. Ndani kuna karatasi nyingine ya kupimia, ambayo inaonekana furushi likifunguliwa mezani. Na juu ya yote, furushi lazima liwe kavu kabisa. Kitambaa chenye unyevu kinavuta vijidudu kutoka mkononi au kwenye rafu na kuviingiza ndani. Kwa hiyo furushi lililolowa linarudi mwanzo, hata utepe ungekuwa umeiva namna gani. Linafunguliwa, linafungwa upya, linachomwa upya.

Sasa, wifi alipata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Nilijua, maana mume wangu alikuwa anakwenda kwa dada yake kila jioni na kurudi uso umemshuka. Maumivu yakimjia, alisema, anauma ncha ya shuka asipige kelele watoto wakasikia. Jumatano nikaona jina lake kwenye orodha ya upasuaji ya kesho yake, wa kwanza. Daktari wa upasuaji anakuja kwetu Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, na saa saba mchana gari linamchukua kwenda hospitali nyingine.

Ningekuwa na akili timamu ningefunga seti ya vyombo vyake kama seti nyingine zote. Badala yake nilikwenda stoo nikaomba vitambaa viwili vipya vya kijani, vizito, ambavyo bado vilikuwa na wanga wa kiwandani. Kanuni inasema kitambaa kipya kinafuliwa kwanza, kwa sababu kisipofuliwa hakipitishi mvuke vizuri wala hakikauki upesi. Kanuni hiyo huwa naihubiri mimi mwenyewe. Nikavifunga juu ya vile vya kawaida, nikazikunja kona kama zawadi ya bibi arusi. Nilitaka atakayelifungua ajue kwamba huyu mtu haoshi sahani. Kichekesho ni kwamba yule niliyemlenga angekuwa pale mezani amelala fofofo.

Alhamisi asubuhi niliwasha mashine mapema. Saa tatu kasoro nikafungua mlango, nikavuta sinia, nikaliacha furushi lipoe. Utepe ulikuwa umeiva vizuri, mistari myeusi tititi. Lilipopoa nikalinyanyua, na chini yake vidole vyangu vikakuta ubaridi. Nikaligeuza. Palikuwa na doa la maji upana wa kiganja.

Nitasema ukweli. Nililirudisha lilivyokuwa, doa likawa chini, lisionekane. Chumbani nilikuwa peke yangu. Seti nyingine kubwa ya tumbo ilikuwa imetumika alfajiri kwa dharura, na bado ilikuwa kwenye beseni na damu yake. Nikawaza kwamba likipelekwa hivi hivi hakuna atakayejua, na pengine hakutatokea lolote, maana mara nyingi hakutokei lolote. Nilisimama nikiwaza hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu. Kisha nikalichukua nikalipeleka rafu ya kushoto.

Ndipo akaingia sista msimamizi wa chumba cha upasuaji, ambaye sisi tunamwita Sista Dakika kwa sababu kila kitu anakitaka baada ya dakika moja.

"Mama, seti iko wapi? Dakika moja tunamwingiza mgonjwa."

"Sista, haiko tayari. Imelowa."

Alilitazama furushi kwa mbali. "Utepe si umeiva?"

"Umeiva. Lakini limelowa chini."

"Hilo ni jasho tu la mashine. Lifute, litakauka njiani."

"Sista, nakuheshimu sana. Hii unayoiona ni clean. Sterile bado."

"Acha maneno ya ukutani, bwana. Visu si vimechemka?"

"Vimechemka."

"Basi ni safi!"

"Ni safi, sikatai. Ndiyo maana nimeiweka rafu ya safi."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Sauti ikashuka. "Huyu mgonjwa si wifi yako? Nasikia nyinyi wawili hampikiki chungu kimoja."

Hospitali yetu ina vitanda mia na masikio mia tatu. Niliweka mkono wangu juu ya furushi lile, sikuuondoa. Akasema yeye mwenyewe atatia sahihi kwenye daftari la mafurushi ikiwa mimi naogopa. Nikamwambia siogopi, na daftari hilo ni langu, na furushi halitoki. Kama anataka alichukue kwa nguvu, mbele ya daktari.

Alikwenda akamleta daktari. Mtu mrefu, mtaratibu, tayari amevaa kofia ya kitambaa. Hakuuliza habari za wifi. Aligeuza furushi, akaona doa, akauliza swali moja tu.

"Kwa nini limelowa?"

Mashine yetu ni kuukuu. Ina mwaka wa pili inasubiri fundi. Ningesema mashine, angeitikia kwa kichwa na mambo yangeishia hapo. Sista Dakika mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo kuisingizia.

"Mimi nilifunga vibaya, daktari. Niliongeza vitambaa vipya, havijafuliwa."

"Kwa nini?"

"Nilitaka lipendeze."

Daktari alikuna shavu. "Unajua saa saba naondoka."

"Najua."

"Rudia. Tuone."

Nilifungua, nikavua vile vitambaa vya kijani nikavitupa pembeni. Niliosha kila chombo upya ingawa hakikuwa na haja sana, nikafunga kwa viwili vikavu, nikaingiza mashineni na kufunga mlango. Mashine haibembelezwi. Ina saa zake. Nikanawa nikatoka kwenda kumwambia wifi, maana nilikata shauri kwamba habari hiyo aisikie kwangu, si kwa mwingine.

Alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini, amevalishwa gauni la hospitali, midomo imekauka kwa kufunga tangu jana yake. Mume wangu alikuwa amesimama kichwani pake. Mume wangu ni mtu wa amani, yaani ugomvi ukiingia kwa mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Lakini siku ile alinijia mbio.

"Mke wangu, eti ni kweli umezuia? Dada yangu hajala tangu jana! Nyumbani nitamwambia nini mama?"

"Mwambie vyombo havikuwa tayari. Na mwambie aliyeharibu ni mimi."

"Uliharibu makusudi?"

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na aliniuliza swali hilo. Nilimpita nikamsogelea wifi. Nikamweleza yote: vitambaa, doa, kurudia, na kwamba huenda muda usitoshe. Alinisikiliza akitazama dari.

"Umepata ulichokitaka," akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi moja kwa moja kwa miaka mitatu.

Seti ilitoka kavu saa tano na nusu. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni, nikamkuta daktari anavua kofia. Alinionyesha saa ya ukutani. Alisema upasuaji ule unataka saa mbili na nusu kama mambo ni mazuri, na yeye hawezi kufungua tumbo la mtu halafu amwachie mwingine kulifunga. Wifi akarudishwa wodini, akapewa uji, jioni mume wangu akampeleka nyumbani kwake. Wiki mbili za kusubiri. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu wa kufunga. Niliisaini bila kinyongo, maana ilikuwa ya kweli. Nilikwenda kulia kwenye choo cha wafanyakazi, nikanawa uso, nikarudi kuosha ile seti ya alfajiri.

Nyumbani hakukukalika. Mama mkwe alipiga simu, akaongea na kila mtu isipokuwa mimi, mpaka paka angeongea naye angekuwepo. Jumapili walikuja yeye na mashemeji wawili, wakakaa sebuleni wakiwa wamevimba, wakataka niombe radhi.

"Naomba radhi kwa kufunga vibaya," nikasema. "Hilo nitaliomba hata kwa magoti. Kwa kukataa kulitoa, mama, siombi."

"Mwanangu anaumwa!"

"Ndiyo maana."

"Kiburi hicho!" akasema shemeji mdogo.

"Kiburi kilikuwa Jumatano, shemeji. Alhamisi kilikuwa kimekwisha."

Mume wangu aliangalia zulia. Lakini hakutokea mlango wa nyuma. Alibaki pale pale, na walipoondoka aliniambia nisamehe lile swali la ukumbini. Nikamwambia bado, lakini nitasamehe.

Siku ya tano maumivu yalimkamata wifi vibaya mno. Nilipopata habari sikungoja ruhusa ya mtu. Nilichukua likizo ya siku mbili nikahamia kwake. Nilimkuta amejikunja kama ngumi, shuka limelowa jasho. Nilimpa dawa zake kwa wakati, nikampikia vyakula visivyo na mafuta, nikawapeleka watoto wake shule. Hakunifukuza. Hakuniongelesha pia. Kila alipouma shuka, mimi nilijua kwamba maumivu yale yangekuwa yamekwisha Alhamisi iliyopita kama si mikono yangu. Hakuna mtu aliyehitaji kunikumbusha.

Alasiri ya siku ya pili alitulia kidogo. Akasema, uso ukutani, "Vile vyombo ulivyonikatalia. Vilikuwa vichafu?"

"Havikuwa vichafu."

"Kwa hiyo vilikuwa safi."

"Safi sana. Ungeweza kulia chakula."

"Sasa wewe mwanamke una nini?"

Nikavuta kigoda. Nilimwambia kuhusu rafu mbili. Nikamwambia sisi neno letu safi lina moyo mkubwa, linabeba kila kitu: shati safi, mtu safi, habari safi, hata mchezaji akifunga bao tunasema safi. Neno lile la rafu ya kushoto ni kama hilo letu. Lina ngazi. Kitu kinaweza kuwa safi kidogo, safi zaidi, safi kupita vyote, na jicho lako ndilo hakimu. Neno la rafu ya kulia, yaani bila kijidudu hata kimoja kilicho hai, halina ngazi, lina mlango tu. Kitu kiko ndani au kiko nje, hakuna kibarazani. Na jicho halina kazi hapo, maana kinachoua hakionekani.

"Mikono, kwa mfano," nikasema. "Daktari ananawa kwa brashi na sabuni mpaka ngozi inawaka. Mikono yake tunaita clean. Lile neno jingine hatulisemi kwa mkono wa mtu, hata wa malaika. Ndiyo maana anavaa glavu."

"Hata yako?"

"Hata yangu. Miaka kumi na tisa naiosha, haijavuka mlango ule."

Alivuta shuka mpaka begani. Nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Lingekuwa furushi la mama yako mzazi?"

"Ningekataa."

"Lingekuwa la mwanao?"

"Ningekataa, wifi. Ningekataa huku nalia, lakini ningekataa."

"Na kwangu ulilia?"

"Nililia chooni."

Aligeuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya njano kidogo. Alikuwa amekonda. Aliomba maji, nikampa.

Alhamisi ya pili ilipofika, vitambaa vilikuwa viwili, vimefuliwa, vimekauka. Nilifunga kama ninavyofunga siku zote. Nilichoma mapema, nikapoza, nikaligeuza furushi pande zote sita, nikatia sahihi daftarini. Sista Dakika alikuja mlangoni na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama nje ya mstari akasubiri. "Likiwa tayari, mama," akasema. Nikamwambia liko tayari, na nitalipeleka mwenyewe.

Nilinawa mpaka kwenye viwiko, nikalibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua. Ukumbini kitanda cha wifi kilikuwa kimesimama karibu na mlango wa upasuaji. Wote walikuwepo: mume wangu, mashemeji wawili, mama mkwe na mkoba wake mapajani. Nilikuwa napita bila kusema neno, maana nilijua nikifungua mdomo nitalia, na mtu aliyebeba furushi lile halii.

"Wifi," akaniita.

Nikasimama. Alikuwa ametoa mkono wake nje ya shuka, mwembamba, wenye sindano ya maji imebandikwa kwa plasta. Aliunyoosha kuelekea kwangu. Alitaka nimshike. Miaka mitatu, na sasa, mbele ya mama yake na kaka zake, alikuwa ameninyooshea mkono, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na mikono yangu miwili imejaa.

Sikusogea. Niliona uso wa mama mkwe ukibadilika. Niliona shemeji mdogo akimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Wifi alitazama mkono wake. Akatazama nilichobeba. Kisha taratibu akaurudisha mkono ule, akauweka chini ya shuka, na kuukandamiza kwa ule mwingine kama mtu anayemzuia mtoto.

"Msimguse," akawaambia ndugu zake. "Mpisheni njia."

Wakasogeza miguu. Nikapita.